Mgoto, Kidoko na Kishindo: Uhakiki wa Lugha ya Milio ya Gari

Utangulizi

Istilahi za ufundi wa magari zimeshughulikiwa katika Kiswahili kwa muda mrefu, na orodha zake zimejaa majina ya vyuma. Injini ina jina, breki ina jina. Klachi, giaboksi na difu zina majina. Lakini mtu anayepeleka gari karakana hapeleki jina la chuma. Hupeleka lalamiko. Husema kwamba gari linalia, na kuanzia hapo mwenye gari, fundi, na mwandishi wa mwongozo wa matengenezo hutakiwa wawe na lugha moja. Katika makala haya tunakusudia kuihakiki lugha hiyo, hasa ile inayotumiwa kueleza milio itokayo katika mfumo wa kupitisha nguvu wa magari yanayosukumwa na magurudumu yote. Rai yetu ni kwamba maungo ya gari yamepewa majina na maradhi yake yakasahauliwa, na kwamba upungufu huo hautokani na umaskini wa Kiswahili.

Magari ya aina hii ni mengi katika Afrika Mashariki. Barabara za vumbi na matope ndizo zilizoyapa kazi. Na kwa kuwa Tanzania, Kenya na Uganda huendesha upande wa kushoto kama Japani, magari yaliyokwisha kutumika huko huletwa kwetu bila haja ya kuhamishiwa usukani. Mengi huja na vitabu vya Kijapani, au huja bila kitabu, na mwenye gari hubaki kutegemea maelezo yaliyofasiriwa. Neno baya katika maelezo hayo si kosa la insha tu. Mtu aliyesoma kwamba "kelele ya nyuma" ni ugonjwa wa difu atanunua difu, na akiisha kuifunga ataisikia kelele ile ile, kwa sababu kilichokatika kilikuwa ni mpira wa kuishikilia difu hiyo. Tena iko hasara iliyo kubwa kuliko fedha. Shafti ambayo jointi yake imelika haikatiki gari likiwa limeegeshwa. Hukatika ikizunguka, na ncha yake ya mbele ikiangukia barabarani gari likiwa mbioni, dereva hana la kufanya ila kuomba.

Sentensi tutakazozihakiki hapa tumezitunga wenyewe kwa kufuata mazoea ya tafsiri za namna hii. Hatukuzinukuu kwa mtu, wala hatukusudii kumfedhehesha mfasiri yeyote.

Jina la gari lenyewe

Tuanze na jina. Mara nyingi gari hili huitwa "gari la magurudumu manne". Jina hilo halielezi kitu, kwa maana teksi ina magurudumu manne, na hata mkokoteni wa kuvutwa na punda waweza kuwa nayo. Wengine, kwa kutaka kuwa wangalifu zaidi, huandika "gari linaloendeshwa na magurudumu manne". Hapa kitenzi kimebebeshwa kazi isiyo yake. Katika Kiswahili anayeendesha gari ni dereva; injini huzungusha, na magurudumu husukuma. Watu wa mitaani, ambao hawakungoja kamati, husema "fowili", na neno lao lina sifa moja iliyo njema: kila mtu analielewa. Lina kasoro moja pia, nayo ndiyo inayotuhusu. Neno hilo, kama yale mengine mawili, linachanganya magari ambayo milio yake haiamuliwi kwa sheria moja.

Yafaa tueleze. Gari likikata kona, kila gurudumu hupita njia yake, na magurudumu ya mbele husafiri mwendo mrefu kuliko ya nyuma. Katika Land Rover za miaka ya 1960 na 1970 za kizazi cha pili na cha tatu, dereva mwenyewe ndiye aliyeunganisha shafti ya mbele na ya nyuma kwa kuvuta kijiti, nazo zikiisha kuunganishwa zilifungamana kama chuma kimoja. Juu ya matope au mchanga tofauti ya mwendo huishia katika kuteleza kwa tairi. Juu ya lami kavu tairi halitelezi kwa urahisi. Shafti hujisokota kidogo kidogo mpaka tairi moja liruke, nalo likiruka hutoa kishindo. Range Rover iliyotolewa mwaka 1970, na Audi Quattro iliyoonyeshwa Geneva mwaka 1980, zilikuwa na difu ya tatu katikati, ambayo kazi yake ni kuiruhusu tofauti hiyo. Kwa hiyo zilisukumwa na magurudumu yote wakati wote, lami kwa tope.

Basi kishindo katika kona ya lami kina hukumu mbili. Katika gari la aina ya kwanza ni dalili ya dereva aliyesahau kuondoa kijiti. Dawa yake ni kukiondoa. Katika gari la aina ya pili ni dalili ya ugonjwa: difu ya katikati imekwama, au kikombe cha sahani zilizozama katika mafuta mazito ya silikoni kimeganda, au tairi hazilingani. Mwongozo unaoziita gari zote mbili kwa jina moja humfanya mwenye gari zima alifungue, na mwenye gari gonjwa alipuuze.

Tunapendekeza "gari la msukumo wa magurudumu yote", na chini yake aina mbili: "msukumo wa daima" na "msukumo wa hiari". Iko na aina ya tatu, ambayo siku hizi ni ya kawaida katika magari madogo, ambamo kompyuta huyaunganisha magurudumu ya nyuma pale ya mbele yanapoteleza. Hiyo yaweza kuitwa "msukumo wa kujiunga". Istilahi njema hupimwa kwa jambo jipya. Leo yapo magari ya umeme yenye mota moja mbele na nyingine nyuma, yasiyo na shafti yoyote kati yao. Neno "msukumo wa magurudumu yote" linayafaa bila kubadilishwa herufi, kwa kuwa linataja kazi, halitaji chuma.

Njia ya nguvu

Jina la mfumo mzima nalo limepata taabu. Tumekwisha kuona katika maandishi ya namna hii "mfumo wa usafirishaji", na pengine hata "treni ya kuendesha". Usafirishaji ni kazi ya malori na meli. Na treni iko relini. Kosa ni lile lile katika yote mawili: mfasiri alilitafuta neno katika kamusi bila kukitazama kitu. Kitu chenyewe ni njia. Nguvu hutoka katika injini, hupita katika klachi na giaboksi, hufika katika sanduku la kuigawa mbele na nyuma, hushika propela shafti, huingia katika difu, hutoka katika shafti za pembeni na kuishia katika magurudumu. "Mfumo wa kupitisha nguvu" ni jina refu, lakini ni la kweli. Na likizoeleka, "mapitisho" peke yake litatosha.

Kuitaja njia hiyo kwa mpangilio si mapambo. Ndiyo ramani ya uchunguzi wenyewe. Kila mahali ambapo kipande kimoja humkabidhi mwenzake nguvu pana nafasi ndogo, na kila nafasi yaweza kukua. Mwongozo usiozipanga nafasi hizo humwacha fundi apapase.

Zaidi ya hayo, yapo majina ya vipande yaliyofasiriwa kwa kukisia. Jointi inayounganisha propela shafti na difu, ambayo huiwezesha shafti kuzunguka ikiwa imeinama, ina jina la Kiingereza ambalo mfasiri asiyekwenda karakana huweza kulifanya "kiungo cha ulimwengu". Kifaransa na Kijerumani hukiita kitu hicho kwa jina la Girolamo Cardano, Mwitalia wa karne ya 16. Waingereza pengine humtaja Robert Hooke wa karne ya 17. Kiswahili hakina haja ya ulimwengu wala ya mabwana hao. Kitovu cha jointi hiyo ni chuma chenye mikono minne, umbo la msalaba, na kila mkono umevikwa kofia yenye beringi. Basi ni "jointi ya msalaba", na anayeliona jina ataijua sura.

Kelele si istilahi

Sasa tufike kwenye kiini. Tuchukue sentensi hii: "Ukisikia kelele wakati wa kuendesha, kagua mfumo wa usafirishaji." Sarufi yake haina kosa. Maana yake ndiyo isiyokuwepo. Kelele kwa asili ni ghasia za sauti: kelele za watoto, kelele za soko. Ni neno la mtu anayetaka kunyamaziwa, si la mtu anayetaka kusikiliza. Tena halihesabiki kwa urahisi. Hatusemi kelele ya kwanza, kelele ya pili, na ya tatu. Ilhali uchunguzi wa gari, kama tutakavyoona, mara nyingi ni kuhesabu.

Kiswahili kina hazina ya maneno ya milio ambayo wafasiri wameiacha kwa watunzi wa mashairi. Tutazame manne tu.

La kwanza ni "mgoto". Kugota ni kugonga. Lakini kugota pia ni kufika mwisho wa mwendo na kusimama. Maana hizo mbili, ambazo huweza kumtia wasiwasi mwandishi wa kamusi, hapa zinakuwa ni baraka. Dereva akitia gia akiwa amesimama, au akiuondoa mguu kwenye mafuta na kuurudisha, husikia mlio mmoja mzito, "ko!", kisha kimya. Mlio huo ni nini? Ni ulegevu uliojikusanya njiani, katika jointi, katika meno ya gia, katika mifuo ya shafti inayotelezeana, au katika mipira iliyochoka ya kushikilia injini na difu. Nguvu inapobadili upande, vipande vyote hupita nafasi yao tupu mpaka vigote. Yaani mlio huo ni kugota kwa maana zote mbili: kimegonga kwa kuwa kimefika mwisho. Hatujui neno la lugha nyingine linaloeleza sababu na sauti kwa pamoja namna hii.

La pili ni "kidoko". Walimu wa lugha wanalijua kuwa ni sauti ya kualisha ulimi, na ndilo linalotumiwa kwa konsonanti za Kisandawe na Kihadza. Katika gari liko jambo linalofanana nalo kabisa. Jointi ya nje ya shafti ya gurudumu la mbele, ile yenye vigololi, ikilika hutoa sauti nyepesi, kavu, yenye kurudiwarudiwa, gari linapokata kona huku likivutwa na injini. Na kadiri mwendo unavyozidi, ndivyo sauti zinavyofuatana haraka. Ka-ka-ka-ka. Hizo si kelele wala si migoto, ni vidoko. Mara nyingi ukichungulia utakuta mpira wa kufunika jointi umechanika, grisi imetapakaa upande wa ndani wa gurudumu, na vumbi limeingia. Hapa ndipo methali ya ufa na ukuta inapokuwa maelekezo ya kiufundi: mpira ukibadilishwa mapema, jointi hupona.

La tatu ni "kishindo", tulilokwisha kulitaja: mlio wa kitu kilichojibana kikaachia ghafula, ukifuatana na gari kuruka au kusita katika kona kali.

La nne ni "mvumo". Huu hauna mapigo. Huanza katika mwendo fulani, hukua pamoja nao, na haujali kama mguu uko kwenye mafuta au haupo. Ukibadilika dereva anapouhamisha uzito wa gari kulia au kushoto, basi shaka iende kwenye beringi ya gurudumu. Tofauti yake na mlio mwembamba wa difu ni kwamba ule wa difu hubadilika injini inapoacha kuvuta.

Msomaji ataona kwamba tofauti hizi hazikuletwa na istilahi ngeni. Zilikuwamo katika lugha. Hata uwezo wa kitenzi kurudiwa unatufaa: "linagota" ni mara moja, "linagotagota" ni mara nyingi. Fundi akiuliza lipi kati ya hayo mawili, amekwisha kuondoa nusu ya mashaka.

Mzigo usiobebwa

Liko kosa lililo la hatari zaidi kwa kuwa linaonekana kama tafsiri sahihi. Tuchukue sentensi nyingine: "Sikiliza mlio wakati gari liko chini ya mzigo." Msomaji mwaminifu atapakia magunia. Katika lugha ya uhandisi ya Kiingereza neno la mzigo hutumika kwa kazi inayofanywa na injini, hata kama ndani ya gari hamna mtu ila dereva. Kiswahili cha barabarani kina namna yake ya kulisema jambo hilo, nayo ni sahili. Dereva husema gari "linavuta" au "halivuti". Akipanda mlima huku amekanyaga mafuta, injini inavuta. Akishuka huku ameuondoa mguu na gia imo, injini inazuia. Basi tuandike: "Sikiliza mlio injini inapovuta, kisha usikilize injini inapozuia." Sentensi hiyo hailazimishi msomaji ajue Kiingereza ili aelewe Kiswahili.

Tunasisitiza jambo hili kwa sababu uchunguzi wote wa milio husimama juu ya maswali matatu, nayo yote huvunjika neno hilo likikosewa. Je, mlio hufuata mguu wa mafuta? Je, hufuata usukani? Au hufuata barabara? Unaofuata mguu hutoka katika mapitisho. Unaofuata usukani hutoka katika jointi za mbele, au katika kubanana kwa mbele na nyuma. Unaofuata mashimo ya barabara, usiojali mguu wala usukani, si wa mapitisho hata kidogo. Ni wa bushi, shokapu na vyuma vya kubebea gari, na aliyekwenda kununua propela shafti kwa sababu yake amepotea njia.

Mwanya na pengo

Nafasi iliyo kati ya meno ya gia mbili zinazoshikana imeandikwa kwa majina mengi ya kubuni, kama "mrudio", "uhuru" na "mchezo". Hili la mwisho ni la karakana, maana fundi husema shafti "inacheza". Ni neno zuri kwa jointi na beringi, na tunaliunga mkono huko. Lakini kwa meno lugha yetu ina zaidi. Nafasi kati ya meno mawili ya mtu huitwa mwanya, na watu wetu wameuhesabu kuwa ni uzuri. Jino likitoka, pale palipobaki wazi huitwa pengo. Aliyepoteza yote huitwa kibogoyo.

Tazama jinsi daraja hizi zinavyolingana na hali ya gia. Gia zisizo na mwanya wowote hujisaga na kupata moto, kwa hiyo mwanya mdogo ni afya, na mtengenezaji huutaja kwa sehemu za milimita. Mwanya ukizidi huchangia mgoto. Jino likikatika pana pengo, na pengo halitoi mgoto mmoja wa kubadili gia. Hutoa mgoto mmoja kila gia inapokamilisha mzunguko.

Na hapa ndipo kuhesabu kunapohitajiwa. Katika magari mengi propela shafti huzunguka kiasi cha mara nne gurudumu linapozunguka mara moja, na uwiano halisi umo katika kitabu cha gari. Liendeshwe gari kwa mwendo wa mtu anayetembea, na mwenzako atembee kando akiwa na alama ya chaki tairini. Migoto ikija mmoja kwa kila mzunguko wa tairi, shaka iko kwenye gurudumu, shafti ya pembeni, au gia kubwa ya difu. Ikija karibu minne, shaka iko kwenye propela shafti au gia ndogo inayopokea nguvu kutoka kwake. Mtu hawezi kuhesabu "kelele" kwa namna hiyo. Migoto huhesabika, na ngeli yake yenyewe inamwalika mtu ahesabu.

Kosa la karakana

Tusije tukadhaniwa kwamba kila lisemwalo karakana ni dhahabu. Karakana nayo ina neno lake la uvivu, nalo ni "imekufa". Difu imekufa, beringi imekufa, mipira imekufa, hata sanduku la kugawa nguvu limekufa. Neno hilo humfaa fundi kwa kuwa linafunga mjadala. Maiti haiulizwi inaumwa nini. Ofisi husema "hitilafu" na karakana husema "imekufa", na yote mawili ni mapazia. Nyuma ya pazia ipo tofauti kati ya kilicholika, kilicholegea, kilichokwama, kilichochanika na kilichokatika, nazo gharama zake hazifanani.

Mfano ulio wazi ni tairi. Katika gari la msukumo wa daima, tairi moja jipya likifungwa pamoja na matatu yaliyolika linaweza kuleta dalili zote za difu ya katikati iliyo mbovu. Hesabu ni nyepesi. Tairi lenye kipenyo cha milimita 650 huzunguka kiasi cha mara 490 kwa kilomita moja. Likilika milimita 3 pande zote, kipenyo hubaki 644, nalo huzunguka kiasi cha mara 494. Mizunguko hiyo minne ya ziada katika kila kilomita hapana budi ipokewe na difu au na kikombe cha sahani, kilomita baada ya kilomita, mpaka kipate moto na kuharibika. Fundi asemaye "difu imekufa" huenda akasema kweli. Lakini asipoulizwa iliuawa na nini, difu ya pili itaifuata ya kwanza.

Ukurasa unavyoweza kusomeka

Uhakiki usiojenga ni nusu ya kazi. Tumeandika hapa chini maelezo mafupi kwa istilahi tulizozitetea, ili msomaji apime mwenyewe kama Kiswahili kinatosha:

"Gari likigota mara moja unapotia gia, au unapouondoa mguu kwenye mafuta na kuurudisha, liegeshe mahali pa tambarare, zima injini, na uweke vigingi mbele na nyuma ya magurudumu. Usiingie chini ya gari linaloshikiliwa na jeki peke yake. Ishike propela shafti kwa mikono na uizungushe huku na huku. Tazama kila jointi ya msalaba: upande mmoja ukisogea kabla ya upande wa pili, jointi imelika. Tazama mifuo ya shafti inayotelezeana: ikicheza bila kelele ya chuma, huenda inahitaji grisi tu. Halafu ikague mipira ya kushikilia injini, giaboksi na difu; iliyochanika huonyesha ufa au alama mpya za chuma kugusana. Vyote vikiwa salama, pima mwanya wa meno ya difu. Gari likitoa vidoko katika kona, kagua mpira wa jointi ya nje. Likitoa kishindo katika kona ya lami, pima kwanza tairi zote nne, kisha rudia kona ile ile juu ya changarawe. Kishindo kikitoweka, mbele na nyuma vinabanana."

Katika ukurasa huo hakuna neno ambalo dereva wa Dodoma au Kisumu atahitaji kulitafuta. Maneno ya kukopa yamo, kama grisi, jeki, jointi na shafti, nayo hayakuleta madhara yoyote, kwa kuwa yanataja vitu ambavyo mkono wa fundi unavigusa kila siku. Kilichobadilika ni vitenzi na majina ya milio.

Mapendekezo

Kutokana na hayo yote tunatoa mapendekezo yafuatayo kwa wafasiri, walimu wa ufundi, na maofisa wanaoandika maelekezo ya magari ya serikali:

(a) "Kelele" liondolewe katika maelekezo ya uchunguzi, na mahali pake liwekwe mgoto, kidoko, kishindo, mvumo, mkwaruzo au mtetemo, kwa kadiri ya dalili. Neno la jumla liwe "mlio".

(b) "Gari la msukumo wa magurudumu yote" litumike, na mwandishi ataje daima kama msukumo ni wa daima, wa hiari, au wa kujiunga.

(c) "Mfumo wa kupitisha nguvu", kwa ufupi "mapitisho", lichukue nafasi ya "usafirishaji" katika mambo ya gari.

(d) "Injini inapovuta" na "injini inapozuia" yaandikwe badala ya kila namna ya mzigo usiobebwa.

(e) "Mwanya wa meno" na "pengo" yatumike kwa gia. "Kucheza" litumike kwa jointi, beringi na bushi.

(f) Orodha za istilahi za ufundi zisiishie kwenye majina ya vifaa. Kila kifaa kiandikiwe pia vitenzi vya kuharibika kwake na mlio wake, kama vile daktari asivyotosheka na kujua jina la ini bila kujua maradhi ya ini.

Pendekezo la mwisho ndilo lililo zito kuliko yote, na halihusu magari peke yake. Mashine za kusaga, pampu za visima, jenereta za hospitali na cherehani za vyama vya ushirika, zote hulia kabla ya kuharibika, na kila moja ina watu wanaoisikia kila siku bila kuwa na neno la kuandika katika daftari la matengenezo. Neno ambalo fundi wa Mbeya na fundi wa Mombasa, wakisikia mlio mmoja, wataliandika bila kuulizana, hilo ndilo istilahi. Yaliyobaki ni majina katika orodha.